Shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa

Shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa ni shahada ya pili ya chuo kikuu inayohusu jinsi dola, mashirika ya kimataifa, makampuni na watu wanavyoshughulikiana nje ya mipaka ya nchi moja. Masomo yake huchanganya siasa, historia, sheria ya kimataifa, uchumi na mara nyingi lugha. Kwa kawaida huchukua mwaka 1 hadi 2. Hutafutwa hasa na watu wanaolenga kazi za ubalozi, Umoja wa Mataifa, Umoja wa Afrika, Jumuiya ya Afrika Mashariki, mashirika ya misaada, uandishi wa habari au utafiti.

Kwa mwombaji wa Afrika Mashariki anayetaka kusoma ng'ambo, kupata fedha ni kugumu kuliko kupata nafasi. Vyuo vingi humkubali mwanafunzi bila kumpa ufadhili wowote, na kila mwaka wako wanaobaki na barua nzuri ya kukubaliwa wasiyoweza kuitumia. Kwa sababu hiyo mpango wa fedha hutangulia fomu ya maombi.

Historia

Somo hili lilizaliwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, watu walipojiuliza jinsi ya kuzuia vita nyingine ya aina hiyo. Mwaka 1919 kiti cha kwanza cha profesa wa siasa ya kimataifa kilianzishwa Aberystwyth, nchini Wales, kwa fedha za familia ya David Davies, kwa kumbukumbu ya wanafunzi waliokufa vitani. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Georgetown mjini Washington kilifungua shule ya utumishi wa nje. Taasisi ya Geneva ilifuata mwaka 1927 katika mji uliokuwa makao ya Shirikisho la Mataifa, halafu shule ya Fletcher huko Massachusetts mwaka 1933, SAIS mjini Washington mwaka 1943 na shule ya Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York mwaka 1946.

Barani Afrika haja ilikuja na uhuru. Nchi mpya zilihitaji mabalozi kabla hazijawa na watu waliofundishwa kazi hiyo. Taasisi ya IRIC ilianzishwa Yaoundé, Kamerun, mwaka 1971. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mafunzo ya diplomasia mwaka 1973. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, Dar es Salaam, kilianzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji. Siku hizi kinaitwa kwa jina la Dkt. Salim Ahmed Salim.

Maisha ya Salim yanaonyesha kwamba shahada si lazima itangulie kazi. Aliteuliwa kuwa balozi nchini Misri mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22, na shahada yake ya uzamili ya Columbia aliipata mwaka 1975, wakati akiwa mwakilishi wa Tanzania kwenye Umoja wa Mataifa katika mji huohuo wa New York. Benjamin Mkapa alipitia njia iliyozoeleka zaidi: alimaliza Makerere mwaka 1962 katika somo la Kiingereza, akaenda Columbia kusomea mambo ya kimataifa, na baadaye akawa waziri wa mambo ya nje na Rais. Ali Mazrui wa Mombasa, aliyepata pia shahada ya uzamili Columbia, aliendelea hadi shahada ya uzamivu ya Oxford na kuwa mwanazuoni. Augustine Mahiga alipata shahada yake ya uzamivu Toronto, nchini Kanada, mwaka 1975, kisha akafanya kazi serikalini na katika Umoja wa Mataifa kabla ya kuwa waziri wa mambo ya nje mwaka 2015.

Aina za shahada

Ziko aina kuu mbili, na kuzichanganya ni kosa linalogharimu. Ya kwanza ni shahada ya kazi. Humwandaa mtu kwa ofisi: uchambuzi wa sera, uchumi, takwimu, majadiliano, uandishi wa taarifa fupi, na mafunzo ya vitendo wakati wa likizo. Shule nyingi za Marekani zilizotajwa juu ni za aina hii, na kozi zao huchukua miaka 2. Ya pili ni shahada ya utafiti, inayosisitiza nadharia na tasnifu, na inamfaa anayetaka kufundisha chuo kikuu au kuendelea na uzamivu.

Majina hayasaidii sana kutofautisha. Chuo cha LSE cha London hutoa MSc ya uhusiano wa kimataifa, ingawa "Sc" ni sayansi na hakuna maabara yoyote. MPhil ya Oxford katika somo hili ni ya miaka 2, na shahada yenye jina hilohilo huko Cambridge ni ya mwaka mmoja wa masomo. Njia ya kuaminika ni kusoma orodha ya masomo ya lazima na kuangalia wahitimu wa miaka ya karibuni wanafanya kazi gani.

Marekani ina jambo moja linalowashangaza wengi. Mwanafunzi wa uzamili kwa kawaida hujilipia, lakini wa uzamivu katika vyuo vingi vya utafiti husamehewa ada na kupewa posho, kwa sharti la kufundisha au kusaidia utafiti. Tena anaweza kuomba uzamivu akiwa na shahada ya kwanza tu. Wako wanaochagua uzamivu kwa ajili ya posho hiyo. Ni miaka 5 au zaidi ya kuandika na kusubiri, na asiyependa utafiti huona miaka hiyo kuwa mirefu mno.

Afrika Mashariki yenyewe ina kozi za uzamili za somo hili katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Makerere na USIU-Africa, miongoni mwa vingine. Ada zake ni sehemu ndogo ya zile za ng'ambo, na mwanafunzi huweza kuendelea na kazi huku akisoma jioni. Nairobi ina ofisi kubwa ya Umoja wa Mataifa, na Arusha ina makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Anayesoma karibu na ofisi hizo ana nafasi ya kufahamiana na watu wake mapema, jambo ambalo mwenzake aliye Ulaya hulipata kwa shida.

Maandalizi

Miezi 18 kabla ya masomo kuanza ni muda wa kutosha, na miezi 12 ni ya kubana. Kozi za ng'ambo huanza Agosti hadi Oktoba. Shule nyingi za Marekani hufunga mlango wa maombi kati ya Desemba na Februari. Vyuo vya Uingereza huwa na muda mrefu zaidi, lakini ufadhili wake hufungwa mapema, na ndiyo tarehe ya kuzingatia.

Hati ndizo huchelewesha wengi. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha 4, cheti cha chuo na pasipoti linatakiwa kuwa lilelile na kwa mpangilio uleule. Aliyeandikwa jina la babu mahali pamoja na kuliacha mahali pengine, au aliyebadili jina baada ya ndoa, hulazimika kuapa kiapo cha jina na kurekebisha hati, na kazi hiyo inaweza kuchukua wiki nyingi. Nakala rasmi ya matokeo nayo huombwa chuoni mapema, kwa kuwa mwenye deni la ada au la maktaba kwa kawaida hapewi mpaka alipe.

Uzoefu wa kazi una uzito mkubwa katika shule za kazi. Mtu aliyefanya kazi miaka 2 au 3 kwenye halmashauri, gazeti, shirika la wakimbizi Kigoma au kampuni ya uwakala wa forodha huwa na maombi yenye nguvu kuliko aliyetoka chuoni jana na alama nzuri tupu. Hata wasifu unaoonekana mdogo husaidia ukielezwa kwa matendo: alisimamia nini, wapi, kwa muda gani.

Masomo ya uchumi na takwimu huwatisha waliosoma lugha, historia au sheria. Baadhi ya shule hudai uchumi wa msingi kabla ya kuanza. Kozi fupi ya jioni au ya intaneti yenye cheti hutosheleza mara nyingi. Kifaransa ni msaada mkubwa kwa kazi za Umoja wa Afrika, Kongo na Burundi. Mwombaji asisahau pia kuandika Kiswahili katika wasifu wake. Ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu mwaka 2022, na wengi huiacha kwa kudhani lugha ya nyumbani haihesabiwi.

Maombi

Alama za shahada ya kwanza husomwa kwanza. Tanzania hutumia wastani wa alama unaofika 5.0: daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu ni 3.5 hadi 4.3, na la pili la chini ni 2.7 hadi 3.4. Vyuo vya Uingereza vyenye ushindani hudai walau daraja la pili la juu. Marekani kipimo huishia 4.0, na hapo ndipo waombaji hujikosesha kwa kugawa na kuzidisha wenyewe. Alama huandikwa kama zilivyo, pamoja na kipimo chake, isipokuwa fomu ikielekeza vingine. Shule au wakala wake wa tathmini ndiye hubadilisha. Kuna tatizo lingine: katika vyuo vyetu alama 70 ni A, na Marekani alama 70 ni C. Msomaji asiyejua mfumo huu anaweza kumdharau mwanafunzi bora. Mhadhiri akiandika kwamba mwombaji alikuwa wa 3 katika darasa la watu 120, fumbo hilo hufumbuka.

Barua za mapendekezo huwa 2 kwa Uingereza na 3 kwa shule nyingi za Marekani. Mwandishi anayefaa ni yule aliyesoma kazi za mwombaji au kumsimamia kazini. Waziri au mbunge anayemjua baba yake hafai, hata kama saini yake inapendeza. Shule nyingi hutaka barua itoke kwenye anwani rasmi ya chuo au ofisi, na wahadhiri wanaotumia anwani binafsi hutiliwa shaka. Iko desturi ya mhadhiri aliyezidiwa kazi kumwambia mwanafunzi aiandike barua mwenyewe naye atie saini. Shule hazikubali jambo hilo, na barua za namna hiyo hujulikana kwa sababu hufanana na insha ya mwombaji hadi vituo. Njia nzuri ni kumpelekea mwalimu ukurasa mmoja wa kumkumbusha: kozi zilizosomwa, mada ya tasnifu, kazi iliyofanyika na tarehe ya mwisho, walau wiki 6 kabla.

Insha ya kusudi ndiyo sehemu ambayo mwombaji anaimiliki kabisa. Insha dhaifu huanza kwa msemo wa kiongozi mashuhuri, hutaja amani na maendeleo ya Afrika, na huisha kwa kuisifu shule. Insha yenye nguvu ina swali. Mtu aliyefanya kazi ya forodha Namanga anaweza kuuliza kwa nini malori bado hukutana na vikwazo visivyo vya kodi ingawa Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005, aeleze alichokiona kwa macho yake, ataje wahadhiri na kozi za shule hiyo zinazohusu biashara ya kikanda, kisha aseme anataka kurudi kwenye kazi ipi. Maombi ya namna hiyo hayawezi kuandikwa na mtu mwingine. Insha moja haitumwi kwa shule 5 kwa kubadili jina tu. Wako waliosahau kulibadili hilo jina.

Kwa maombi ya uzamivu huongezwa andiko la utafiti, na huko Uingereza ni busara kumwandikia msimamizi mtarajiwa kabla ya kuomba.

Mitihani imepungua. Shule nyingi za Marekani zimeacha kudai mtihani wa GRE au zimeufanya wa hiari tangu mwaka 2020. Pale unapodaiwa, sehemu za lugha na hesabu hupimwa kwa alama 130 hadi 170 kila moja, na matokeo hudumu miaka 5. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS hupimwa hadi 9, vyuo vingi hutaka 6.5 au 7, na matokeo hudumu miaka 2. Vyuo vingine humsamehe aliyesoma shahada ya kwanza kwa Kiingereza akileta barua ya chuo chake. Ni vizuri kuuliza kabla ya kulipia mtihani.

Gharama na ufadhili

Ada ya shule za binafsi zinazojulikana nchini Marekani huzidi dola 50,000 kwa mwaka, kabla ya chumba, chakula, bima na nauli. Kwa miaka 2 hesabu hupita dola 100,000 bila shida. Uingereza ni mwaka mmoja, kwa hiyo jumla huwa ndogo zaidi. Vyuo vya umma vya Ujerumani kwa sehemu kubwa havitozi ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na mwombaji wa viza anayejigharimia hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu katika akaunti maalumu.

Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza hulipa mwaka mmoja wa uzamili. Hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, sawa na miaka 2 hivi, na ahadi ya kurudi nyumbani kwa walau miaka 2. Maombi hufunguliwa karibu na Agosti na hufungwa Oktoba au Novemba, na mwombaji huchagua kozi 3. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, uliobuniwa mwaka 1959, huangalia zaidi faida kwa maendeleo ya nchi ya mwombaji. Fulbright, ulioanza mwaka 1946, hupeleka wanafunzi Marekani kwa viza ambayo kwa kawaida humtaka arudi kwao kwa miaka 2. Shirika la DAAD la Ujerumani lina mpango wa Helmut Schmidt kwa sera za umma na utawala bora. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya humsomesha mtu katika nchi 2 au zaidi kwa kozi moja. Rotary hufadhili masomo ya amani, na kituo chake kimoja kiko Makerere.

Maombi ya Chevening, Jumuiya ya Madola, Fulbright na DAAD hayalipiwi chochote. Mtu anayedai pesa ili "kupitisha jina" ni tapeli, hata akiwa na ofisi yenye bendera ukutani. Mawakala wa vyuo ni jambo tofauti: wengi hulipwa na vyuo kwa kila mwanafunzi wanayempeleka, na hivyo humwelekeza mteja kwenye chuo kinachowalipa.

Aliyekubaliwa bila ufadhili ana njia kadhaa. Anaweza kuiandikia shule kuomba msaada zaidi, akitaja kwa heshima ofa ya shule nyingine kama anayo. Anaweza kuomba kuahirisha kwa mwaka mmoja, ingawa msaada aliopewa mara nyingi hauahirishwi pamoja na nafasi. Asilipe amana isiyorudishwa kabla ya kujua fedha zitatoka wapi. Mikopo ya kampuni binafsi kwa wanafunzi wa kigeni ipo, na riba yake huhesabiwa kwa dola au pauni. Anayerudi kupokea mshahara wa shilingi hulipa deni linalokua kila shilingi inaposhuka. Ukoo unaofikiria kuuza shamba ili kujazia pengo la mwaka wa kwanza unapaswa kuuliza kwanza mwaka wa pili utalipwa na nini.

Viza

Uingereza hutaka fedha za ada na za kujikimu ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo. Salio likishuka siku moja tu, maombi hukataliwa. Wakazi wa Tanzania, Kenya na Uganda hutakiwa pia kupimwa kifua kikuu katika kituo kilichoidhinishwa. Marekani humhoji mwombaji ana kwa ana, na sheria yake humchukulia kila anayeomba viza ya masomo kuwa anakusudia kuhamia huko mpaka athibitishe vinginevyo. Masharti ya Marekani kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika yalikazwa mwaka 2025, hivyo taarifa za ubalozi husomwa kabla ya kulipa ada yoyote.

Ajira

Shahada ya ng'ambo hutambuliwa nchini Tanzania na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na nchi jirani zina vyombo vya namna hiyo. Kozi za intaneti za vyuo visivyo na ithibati huishia hapo: mwajiri wa umma hazikubali.

Kuingia wizara ya mambo ya nje hakuji pamoja na cheti. Nchini Tanzania nafasi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na usaili hufanywa kama kwa kazi nyingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki huajiri kwa kuzingatia mgao wa nchi wanachama, kwa hiyo mwenye sifa anaweza kukosa kwa sababu nafasi ya nchi yake imejaa.

Katika Umoja wa Mataifa ngazi ya P-3 kwa kawaida hutaka shahada ya uzamili na uzoefu wa miaka 5. Vijana wana mlango mwingine, Programu ya Vijana Wataalamu, inayoingiwa kwa mtihani na kudai shahada ya kwanza tu. Hufunguliwa kwa nchi zenye watumishi wachache katika Sekretarieti, na orodha hiyo hubadilika kila mwaka. Mwombaji asizidi miaka 32 katika mwaka wa kuomba, na wengi hugundua sharti hilo wakiwa darasani, wakisoma uzamili walioahirisha mara 2 au 3.